Maswali ya Wasomaji: Mashine Inasoma Nini Hasa?

Barua za safari hii zimetoka Arusha, Kolwezi, Mombasa, Dodoma, Tanga na Mwanza, na zote zinahusu mashine zinazotumia mwanga au eksirei kutambua kilichomo ndani ya sampuli, yaani vyombo vya spektroskopia. Nimeamua kuzijibu pamoja kwa sababu walioziandika, ingawa kazi zao ni tofauti, wana hofu moja: namba imetokea kwenye kioo cha mashine, na hawajui waiamini kwa kiasi gani.

Swali: Mimi ni msaidizi katika maabara ya maji mkoani Arusha. Tunapima floridi kwa spektrofotomita, kwa njia ya rangi ya SPADNS. Maji ya kisima kimoja yalisoma miligramu 1.7 kwa lita. Mwenzangu akayazimua mara tano, akapima, akazidisha, akapata 6.4. Maji ni yaleyale na chupa ni ileile. Nani kati yetu amekosea?

Jibu: Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli. Wewe mkono wako haukukosea. Ulichofanya ni kuiuliza mashine swali lililo nje ya uwezo wa kipimo chenyewe.

Rangi ya SPADNS huwa nyekundu inaposhikana na zirkoni. Floridi ikiingia huipokonya rangi ile zirkoni yake, na wekundu hufifia. Spektrofotomita hupitisha ndani ya kuveti, yaani kichupa kidogo kiangavu cha kupimia, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 570 na kupima kiasi kilichofyonzwa, kwa hiyo hapa, kinyume cha vipimo vingi mlivyozoea, floridi ikizidi ufyonzaji hupungua. Jaribu jambo hili kwa macho yako. Panga standadi zako, yaani miyeyusho yenye kiasi cha floridi kinachojulikana, kwenye mirija, kuanzia sifuri hadi miligramu 1.4 kwa lita, uziweke mbele ya karatasi nyeupe, nawe utaona wekundu ukipungua hatua kwa hatua. Kisha ongeza mrija wa 3 na mrija wa 6. Kati ya hiyo miwili jicho halitaona tofauti ya maana, kwa sababu zirkoni iliyokuwapo ya kupokonywa imekaribia kwisha, na mashine nayo haina cha kuona zaidi. Ndiyo maana kipimo hiki kinaaminika hadi takriban miligramu 1.4 tu, na namba yoyote iliyo juu ya standadi yako ya mwisho haifai kuandikwa kwenye ripoti, hata kama mashine imekuandikia.

Hata hivyo kuzimua nako kuna gharama yake. Ukizimua mara tano, kosa dogo la 0.05 kwenye mrija linakuwa 0.25 kwenye jibu, na kwa kuwa rangi yenyewe ni nzito, pipeti iliyotoa tone pungufu inatosha kuleta kosa hilo. Zimueni maji hayo mara tano na pia mara kumi; majibu mawili yakikubaliana, andikeni. Ulizeni pia maji yametoka wapi: klorini iliyobaki kwenye maji ya bomba hufifisha rangi na kuifanya floridi ionekane nyingi kuliko ilivyo, ilhali alumini kutoka kwenye shabu ya kusafishia maji huishika floridi na kuifanya ionekane kidogo.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Afisa akisoma 1.7 ataona kisima kimezidi kidogo na huenda akakiacha kitumike, akisoma 6.4 atatafuta maji mengine. Katikati ya namba hizo mbili kuna meno na mifupa ya watoto wa kijiji kizima.

Swali: Sisi ni wachimbaji wadogo wa Kolwezi. Tukipeleka mawe ya kobalti kwenye depo, mnunuzi anaelekeza mashine ya mkononi kwenye mfuko na kusema asilimia 1.8. Depo ya pili, siku hiyohiyo, inasema 2.9. Kisha wote wanakata uzito kwa sababu ya maji. Je, mashine hizi zinatudanganya, au ni watu?

Jibu: Siwezi kumhukumu mtu nisiyemwona, lakini ninaweza kuwaeleza mashine hiyo inavyofanya kazi, na mahali ambapo namba yake inaweza kupotoka pasipo mtu kusema uongo hata mmoja.

Mashine ile hupiga eksirei kwenye jiwe. Eksirei huitoa elektroni ya ndani kabisa ya atomi, elektroni ya tabaka la juu hushuka kujaza nafasi, na katika kushuka huko atomi hutoa eksirei yake yenyewe yenye nishati isiyobadilika. Kobalti hutoa ya kiloelektronivolti 6.93, shaba ya 8.05, chuma ya 6.40. Mashine huhesabu miali inayorudi, ikaipanga kwa nishati, na kutoka hapo ikakadiria asilimia.

Ugumu wa kwanza uko kwenye chuma. Mbali na ule mwali wa 6.40, chuma hutoa mwali wa pili, hafifu, wa 7.06, ambao umekaa ubavuni mwa ule wa kobalti kiasi kwamba mashine ya mkononi haiwezi kuitenga miwili hiyo kikamilifu. Programu yake hukadiria sehemu ya chuma na kuitoa. Udongo mwekundu wenye chuma kingi na kobalti kidogo huifanya hesabu hiyo iyumbe, na mashine mbili zilizogeziwa, yaani zilizosawazishwa, kwa mawe tofauti zitayumba kwa namna tofauti. Kwa hiyo mashine iliyogeziwa kwa madini ya kwenu, yenye heterojeniti (madini yanayobeba kobalti) halisi ya Kolwezi, si sawa na iliyotoka kiwandani ikiwa na mpangilio wa jumla tu.

Ugumu wa pili ni mfuko wenyewe. Miali ya kobalti haitoki ndani kabisa ya jiwe. Hutoka kwenye ngozi ya juu isiyofikia hata milimita moja. Mashine ikielekezwa ubavuni mwa mfuko inasoma plastiki iliyofumwa, vumbi lililoganda, na jiwe moja au mawili yaliyokaa karibu. Jiwe jeusi zito likiwa mbele, namba inapanda. Tope likiwa mbele, inashuka. Sogeza mkono kwa upana wa kiganja, na mfuko uleule utakupa jibu jingine.

Ugumu wa tatu, ambao ndio unaowapotezea fedha nyingi zaidi, ni maji, na ningependa mfuatilie hesabu hii polepole. Tuseme mfuko una kilo 100, na kati ya hizo kilo 15 ni maji. Madini makavu ni kilo 85, na kobalti ndani yake ni asilimia 3, yaani kilo 2.55 za kobalti. Mkipima yakiwa yamelowa, maji yameshaizimua sampuli, na mashine itasoma kama asilimia 2.55 au chini kidogo ya hapo. Mnunuzi akizidisha 2.55 kwa kilo 100 za mfuko uliolowa, amepata kilo 2.55, na hiyo ni haki. Akiyakausha madini kwanza, akasoma 3 na kuzidisha kwa kilo 85, amepata kilo 2.55 zilezile, na hiyo nayo ni haki. Lakini akisoma asilimia yakiwa yamelowa, kisha akakata maji kwenye uzito, yaani 2.55 kwa kilo 85, anapata kilo 2.17. Maji yamekatwa mara mbili. Kilo 0.38 za kobalti zimetoka mikononi mwenu kwenye mfuko mmoja, na kila mtu aliyesimama pale anaweza kuapa kwamba mashine imesema kweli.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya mashine, ulizeni kwanza: asilimia hii ni ya mawe makavu au yaliyolowa, na uzito mnaolipa ni upi? Vyote viwili viwe vya namna moja. La pili, ombeni sampuli itengenezwe. Mwageni mzigo kwenye turubai safi, mchanganye kwa koleo, mrundike kama kichuguu, mkigawe robo nne, mtupe robo mbili zinazotazamana, mrudie hadi mbaki na kilo moja au mbili. Hizo zikaushwe, zipondwe, zichekechwe, ziwekwe kwenye kikombe cha kupimia na kusomwa mara tano, kisha mchukue wastani. Najua kazi hiyo ni ya saa kadhaa na depo ina foleni. Basi fanyeni wenyewe walau kwa mzigo mmoja mkubwa kwa mwezi, mkishirikiana gharama, na nusu ya unga huo uliopondwa mwuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, ili maabara ya tatu iweze kuupima pakitokea ugomvi. La tatu, mnunuzi mwaminifu huwa na kipande cha standadi chenye cheti, na hukisoma mbele ya wauzaji kila asubuhi. Mkiomba kukiona, hamjamtukana mtu.

Swali: Mimi ni sonara hapa Mombasa. Bangili ya mteja ilisoma 91.6 kwa mia kwenye mashine ya eksirei, yaani karati 22. Nilipoiyeyusha na kuisoma tena ikawa 84. Nimlipe kwa kipi?

Jibu: Kwa cha pili, ndugu yangu, na umweleze mteja kwa upole, kwa sababu huenda hata yeye hajui. Kwenye dhahabu, miali inayorudi hutoka kwenye tabaka jembamba sana la juu, la mikromita chache hadi kumi na kitu, ambalo ni jembamba kuliko unywele. Bangili ikichomwa na kusafishwa kwa asidi mara kadhaa, shaba ya juu huungua na kuyeyukia kwenye asidi, na ngozi inabaki na dhahabu nyingi kuliko kiini. Kupakwa dhahabu kunaleta matokeo hayohayo. Siku nyingine, kwa idhini ya mteja, kwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana mpaka uifikie rangi ya ndani, kisha soma hapo na usome juu, uone tofauti. Kwa mche mzito usitegemee eksirei peke yake wala kipimo cha kuzamisha majini, kwa maana tungsteni ina uzito karibu sawa na wa dhahabu, gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo; toboa mche huo. Na pale fedha inapokuwa kubwa, njia ya zamani ya moto, ya kuyeyusha pamoja na risasi, kutenga madini ya fedha (silva) kwa asidi ya nitriki na kupima kilichobaki kwenye mizani, bado ndiyo inayoamua.

Swali: Nina kiwanda kidogo cha unga wa mahindi Dodoma. Nimeletewa kifaa cha mkononi cha infraredi. Muuzaji anasema kinapima unyevu, protini na sumukuvu kwa sekunde chache. Ninunue?

Jibu: Kwa unyevu na protini, madai yake yana msingi mzuri. Maji hufyonza infraredi ya karibu kwenye nanomita 1450 na 1940 kwa nguvu isiyojificha, na tangu kazi ya Karl Norris katika Wizara ya Kilimo ya Marekani miaka ya 1960, biashara ya nafaka duniani imekuwa ikitumia njia hii. Ukikilinganisha na jiko la kukaushia kwa mahindi ya kwako, kitakusaidia kuukataa mzigo wenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 kabla haujashushwa kwenye gari, na kwa kufanya hivyo pekee utakuwa umeifungia kuvu mlango mmoja mkubwa.

Kwa sumukuvu, usikinunue. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote, ndiyo sumukuvu yenyewe, kwa kilo, na 5 za aina ya B1. Gunia la kilo 100 lililofika kwenye kikomo hicho lina miligramu 1 tu ya sumu, kiasi cha punje kumi na kitu za chumvi ya mezani zilizotawanyika gunia zima. Infraredi ya karibu inaona vitu vilivyomo kwa asilimia. Haioni kitu kilichomo kwa sehemu chache katika bilioni. Inachoweza kuona ni madhara ya kuvu kwenye punje, kama kubadilika rangi na kuharibika kwa wanga, na kutoka hapo ikabahatisha. Taa ya urujuanimno nayo ina mtego wake. Ni kweli aflatoksini hung'aa chini ya taa ya nanomita 365, na herufi B na G zimetokana na rangi za buluu na kijani kwa Kiingereza, lakini ule mng'ao wa kijani-manjano unaouona kwenye mahindi yaliyopasuliwa hutokana na zao jingine la kuvu hiyohiyo, linalotoka kwenye asidi ya koji. Unakuonya kwamba kuvu imepita hapo, bila kukuambia sumu ni kiasi gani.

Maabara huisaga sampuli, huitoa sumu kwa methanoli, huisafisha, huitenganisha na vitu vingine kwenye safu ya kromatografia, na hapo ndipo huipima kwa mng'ao. Kwa kiwanda chako, vipande vya kupimia vyenye kisomeo vinatosha kwa kazi ya kila siku, mradi utume sampuli chache maabara kila msimu kuvihakiki. Fedha utakayookoa iweke kwenye uchukuaji wa sampuli. Sumu haikai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Bambo likichomwa mara moja mdomoni mwa gunia halijakuambia chochote. Choma juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, kusanya kilo kadhaa, saga zote, changanya, ndipo uchukue kidogo cha kupima. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Siwezi kuizungumzia mashine ya kubahatisha kwa utulivu nikikumbuka namba hizo.

Swali: Tuna FTIR, mashine ya infraredi ya kutambulia plastiki, kwenye kiwanda cha vifungashio Tanga. Tangu masika yaanze nguvu ya mwanga inashuka kila wiki, na kwenye mstari kuna meno madogomadogo. Fundi amesema taa imekufa.

Jibu: Kabla ya kuagiza taa, fungueni sehemu ya vidonge vya kunyonya unyevu na mtazame rangi ya kionyeshi. Ndani ya mashine nyingi za aina hii kuna vioo vya bromidi ya potasi, ambayo ni chumvi, na chumvi katika hewa ya pwani hulia machozi. Vidonge vikishiba, unyevu unakwenda kwenye vioo. Vioo vikifanya ukungu, hakuna kusugua kutakakovirudisha. Badilisheni vidonge, msiizime mashine usiku wala mwisho wa wiki, kwa kuwa joto lake dogo ndilo linaloufukuza unyevu, na muwe na betri ya akiba ya umeme. Meno mnayoyaona kati ya namba za wimbi 1400 na 1800 (mawimbi kwa sentimita), na tena juu ya 3500, ni mvuke wa maji. Yale mawili ya karibu na 2350 ni hewa ya kaboni, na mara nyingi ni pumzi ya mpimaji aliyeinama juu ya mashine. Pimeni usuli, yaani mashine ikiwa haina sampuli, upya kila baada ya muda mfupi, kisha mweke utando wa polistirini uliokuja na mashine: kilele chake cha 1601 kikikaa mahali pake, plastiki zenu bado mnaweza kuzitambua bila wasiwasi.

Swali: Maabara yetu ya Mwanza inapima metali kwenye maji na samaki. Tumepata fedha za mashine moja. Tununue ya ufyonzaji wa atomi au ya plazma?

Jibu: Hesabuni sampuli na metali zenu za wiki moja ya kawaida kabla ya kufungua katalogi yoyote. Mashine ya plazma hupima metali makumi kwa mkupuo mmoja, lakini plazma yake hula lita 10 hadi 20 za gesi ya argoni kwa dakika, na mtungi mkubwa unaweza kwisha ndani ya siku moja ya kazi. Kama mnapima shaba, zinki, chuma na manganizi kwenye sampuli ishirini kwa wiki, mashine ya ufyonzaji wa atomi, ambayo Alan Walsh aliianzisha Australia miaka ya 1950, itawatumikia vizuri ikiwa na taa moja kwa kila metali na moto wa hewa na asetilini. Hakikisheni mnanunua pamoja nayo kifaa cha mvuke baridi, maana zebaki kwenye sangara haipimwi kwa moto. Na kwa risasi kwenye maji ya kunywa, ambayo kikomo chake ni mikrogramu 10 kwa lita, mtahitaji tanuru la grafiti, linalotumika badala ya moto kupima kiasi kidogo sana. Mkiletewa sampuli mia kwa wiki na kila moja ina metali kumi na tano, hapo plazma itajilipa, mradi muuzaji wa argoni awe karibu na wa uhakika.

Yoyote mtakayochagua, pimeni blanki, yaani sampuli tupu isiyotiwa maji wala samaki wa kupimwa, kabla ya sampuli na mpitishe blanki hiyo kwenye hatua zote, pamoja na asidi, vyombo na mikono ileile. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta zinki iliyokuwa imejaa kwenye blanki zangu. Nilibadilisha maji, nikabadilisha asidi, nikaosha chupa upya, na mwishowe nikagundua inatoka kwenye glovu nilizovaa.

Na kwa ajili ya asetilini: bomba lake lisiwe la shaba kamwe, kwa sababu gesi hiyo ikikutana na shaba hutengeneza kitu kinacholipuka kwa mguso tu. Mtungi usimame wima, na mubadilishe mapema, wakati presha bado haijashuka sana, la sivyo asetoni iliyomo ndani itavutwa hadi kwenye moto, iharibu vipimo vya siku nzima pamoja na mipira ya mashine.